Barua ya Mjumbe kwa Watu wa Bima

Nimeikuta hii kwenye daftari langu la zamani, lile lenye jalada la bluu. Naiweka hapa kama nilivyoiandika siku ile. Majina tu nimebadilisha.

Kiwalani, Jumapili, mwisho wa Aprili, 1998.

Mvua ilianza alfajiri na imekatika sasa hivi, saa kumi na moja jioni. Uani maji yamefika kwenye vifundo vya miguu na bata wa jirani ndio wenye raha peke yao. Nimekaa kitandani kuandika, kwa sababu kiti changu kilivunjika mwezi wa pili na vilivyobaki vimetengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Moyo wangu mzito na leo sina nguvu ya kuupamba.

Nimebanwa.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikianza kulia sitamaliza. Ijumaa watu wa bima wamenirudishia barua ya mjumbe wetu wa nyumba kumi. Kesho Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kupokea maombi kwa mkataba huu wa kiwanda chetu. Mkataba mpya unaoanza mwezi ujao nimeonyeshwa, na humo upasuaji wa kupunguza unene umetajwa waziwazi kwamba hawataulipia, umewekwa pamoja na meno ya dhahabu. Kwa hiyo ni kesho au basi.

Upasuaji wenyewe daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Alichora mfuko wa tumbo, akapiga mstari karibu kabisa na juu, akaacha nafasi ya kutosha yai moja. Chakula chako kitaishia hapo, akasema, utashiba kwa vijiko vitatu. Hapa nchini hawaufanyi. Unafanyika Afrika Kusini, ambako siku hizi na sisi tunaruhusiwa kwenda. Na kiwandani kwetu, tangu wawekezaji waje wakaifunga ile zahanati yetu ya zamani, kila mfanyakazi amepewa kadi ya bima yenye picha na kijitabu chake. Kijitabu kinasema tiba isiyopatikana nchini wanaweza kuigharamia nje, mradi ithibitike kuwa ni ugonjwa na si urembo. Bila wao hatuna njia, hata tuiuze nyumba pamoja na sisi wenyewe tuliomo.

Mradi ithibitike. Hayo maneno mawili yamenizungusha miezi kumi na moja.

Mimi ni opereta wa swichibodi. Nakaa tangu saa mbili mpaka saa kumi na nusu, naunganisha simu za watu wenye haraka. Sauti yangu ni nyembamba, na wapigaji wengi huniita binti. Kuna bwana mmoja wa huko Mwanza aliwahi kuniomba picha. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikaunganisha simu iliyofuata.

Ugonjwa wangu hausikiki kwenye simu. Daktari anasema nikilala koo linajifunga na pumzi inakatika, ndiyo maana Baba Neema, mume wangu, hajalala usingizi wa kweli tangu mwaka juzi. Ananisukuma bega ili nipumue. Amezoea hata anasukuma huku amelala. Moyo nao umeanza kutanuka kwa kazi. Daktari hakunificha: nisipopungua, na nisipopungua sana, sitamwona Neema akimaliza shule.

Neema ana miaka kumi na moja. Asubuhi kabla hajaenda shule anapiga magoti ananifunga kamba za viatu, maana mimi kuinama nilishaacha. Anafunga mafundo mawili ili zisifunguke kazini. Halafu anainuka, anafuta mikono kwenye sketi, anasema, "Haya mama, umeiva." Sitaki mtoto huyu aje kunizika.

Basi ndiyo kazi ya kuthibitisha ikaanza. Fomu ya bima ilitaka uzito wangu kwa kilo. Mizani ya kliniki inaishia mia na thelathini, na mimi niliisukuma mpaka mwisho ikagoma hapo. Nesi akaandika "zaidi ya mia na thelathini." Wakaikataa. Wanataka namba, si "zaidi ya." Ikabidi Baba Neema, ambaye ni karani wa stoo kwenye ghala moja Barabara ya Pugu, anipeleke kazini kwake Jumamosi mchana wapagazi wakiwa wamekwenda kula, nikasimama kwenye mizani ya magunia. Mia na arobaini na tisa. Aliisoma kwa sauti ya chini, akaiandika, akanishika mkono nishuke kama nashuka kwenye gari la harusi. Nesi alikubali kuinakili na kugonga muhuri. Nilipofika nyumbani nilikuta vumbi la korosho kwenye soli za viatu.

Halafu wakataka nithibitishe kuwa nimejaribu njia nyingine. Miezi minne ya kula kwa kadi ya kliniki, mchicha, samaki wa kuchemsha, ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilifanya. Tena nilifanya kweli, wala sikudokoa. Kilo kumi na mbili zikatoka.

Hapo ndipo mtaa uliponiona.

Sijui kama miaka ijayo watu watakumbuka jinsi siku hizi ilivyo hatari kukonda. Mtu mzima akipungua watu hawamuulizi anafanya nini, wanaulizana ameupata wapi ule ugonjwa. Walianza kuniletea uji. Wakaanza kunisalimia kwa upole, upole ule wa matanga. Bombani kuna mama alimuuliza Neema kama mimi naharisha. Mama mkwe akashuka kutoka Njombe bila kuitwa, akakaa siku tatu akinitazama mikono na shingo, na siku ya nne akamchukua mwanawe nyuma ya nyumba wakaongea. Baba Neema hakuniambia walichoongea, ila alirudi macho mekundu.

Naungama hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Niliwaza kama ni bora nife mnene na jina zuri. Kwenye harusi ya binti wa jirani niliomba kukaa mbele kabisa ya jamvi, nikala sahani tatu za pilau watu wakiniangalia. Sikuwa na njaa. Nilikula ili wanione. Na walifurahi mno! Bi Mwanaidi, mke wa mjumbe, ndiye aliyenipakulia ya tatu kwa mkono wake, akaongeza na paja la kuku, akasema, "Sasa ndiyo wewe." Kilo zikarudi zote, na nyingine zikaja kutembea zikabaki.

Uvumi ukafa. Nikaokoka na watu, nikabaki na moyo wangu uliotanuka.

Karatasi ya mwisho waliyotaka ilikuwa barua ya mtu wa kuaminika anayekaa karibu nami, asiye ndugu, aeleze jinsi unene unavyonizuia kuishi maisha ya kawaida. Mimi na dada wa madai, yaani yule afisa anayepokea maombi yetu, tulitazamana tukasema kwa pamoja, mjumbe. Nani mwingine? Vyama vingi vimekuja, watu wanabishana kama mjumbe bado ni wa wote au ni wa chama chake, lakini ukitaka kumwandikisha mtoto shule, kumdhamini mtu polisi au kuzika, bado unakwenda kwa mjumbe.

Mjumbe wetu ni Mzee Kibwana. Mzaliwa wa hapa hapa, baba yake alikuwa na mikorosho pale panapopita reli. Ana mwandiko mzuri kuliko makarani wote wa kiwandani kwetu, na muhuri wake anaulaza kwenye kitambaa. Wiki mbili zilizopita nilimwendea nikamwambia, mzee, nahitaji barua ya kwenda bima, nataka wanisaidie matibabu. Nilisema hivyo tu. Matibabu ya nini sikusema, niliona aibu, na yeye kwa adabu yake hakuuliza. Aliandika, akaikunja, akaigundisha kwa ugali. Bahasha iliyofungwa ya ofisini mtu haifungui. Niliipeleka hivyo hivyo kwa mikono miwili.

Ijumaa dada wa madai amenisomea. Naikumbuka yote.

"Ama baada ya salamu. Mimi mjumbe nathibitisha ya kuwa namfahamu mama huyu. Ni mtu wa tabia nzuri na mwenye afya njema kabisa. Ana nguvu na hana ugonjwa wowote unaomsumbua. Maneno yaliyopita mtaani mwaka jana ni uzushi wa watu wasio na kazi. Mwili wake umerudi wote na unapendeza. Naomba mumpe msaada anaouhitaji bila kumchelewesha."

Dada wa madai aliiweka mezani taratibu. Ni msichana mwema, amenihurumia tangu mwanzo. Akasema, "Mama, huyu mjumbe wako ametumaliza." Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na maneno yaliyopita mtaani ni yapi?" Nikalazimika kumweleza na hayo, mbele ya mzee mmoja aliyekuja kufuatilia miwani.

Alinipa nafasi moja. Nilete barua nyingine Jumatatu saa mbili, siku ambayo daktari wao huwa yupo, maana neno la mwisho ni la huyo daktari. Akainama karibu yangu. "Ila mama, mwambie asitaje ni tangu lini. Akitaja, iwe baada ya tisini na sita." Kadi zetu ni za mwaka tisini na sita. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kadi hawaulipii, imeandikwa kwenye kijitabu, ukurasa wa nne.

Kwa hiyo nisiwe mzima, na nisiwe mgonjwa wa siku nyingi. Niwe nimenenepa kwa kiasi chao na kwa tarehe zao.

Leo nimetoka kanisani, nimesubiri mvua na haikusubirika, nikaenda hivyo hivyo baada ya Mzee Kibwana kuswali adhuhuri. Ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa barazani, akanichangamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Enhe, wamekupa?"

Nikamrudishia barua yake. Aliisoma mara mbili, anatafuta kosa la herufi. "Sasa hapa ubaya uko wapi?"

"Mzee, wanataka uandike kwamba naumwa."

Alinitazama kama nimemtukana. "Nikuandikie ugonjwa? Mie? Na muhuri juu yake? Mwanangu, mie nimeandikaga barua za polisi, za mahakama, za kila aina, na sijawahi kumpeleka mtu ofisini na aibu yake. Mtaa ulivyokusema mwaka jana, nani alizunguka nyumba hadi nyumba akawanyamazisha? Si mie?"

Ni yeye. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimedhani ni zile sahani tatu za pilau.

Nilisimama pale nimeshika nguzo ya baraza, maji yananichuruzika, nikawa natafuta maneno yasiyo na aibu, nisiyapate. Bi Mwanaidi akasema kutoka ndani, "Mwandikie, bwana. Mtu kaja kwa mguu wake mwenyewe na mvua yote hii, unafikiri kafuata nini?"

Ndipo nikasema. Nilisema kuhusu koo, na moyo, na bega langu linavyosukumwa, na viatu vyangu. Nikasema na kilo za mizani ya magunia, jambo ambalo hata mama yangu mzazi halijui. Nililia, ndiyo. Mzee Kibwana alivua kofia akaipakata.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alichukua mwavuli, akashuka kwenye baraza, akaenda mpaka kwenye bomba la mtaa huku anaburuza ndala kwenye tope. Pale akageuka, akatembea taratibu mpaka mlangoni kwetu, midomo inamchezacheza. Ana miaka sabini na kitu na magoti mabovu. Akarudi, akakaa, akaagiza kalamu. Aliandika kwa muda mrefu bila kuniuliza kitu. Bi Mwanaidi alinipa kanga kavu nijifunike.

Safari hii hakuifunga bahasha. "Isome kwanza," akasema. Nimeisoma nilipofika nyumbani, nimekaa hapa hapa.

"Mama huyu alihamia mtaani kwangu mwaka 1989. Tangu mwaka huo namwona akitoka bombani na ndoo. Kutoka bombani mpaka mlangoni kwake ni hatua hamsini na mbili, nimezipima leo. Husimama mara tatu. Akisimama hujifanya anamsalimia mtu, au anatazama ndege zinazotua. Mimi hukaa barazani na nikimwona amesimama hugeuza uso, asijue kuwa nimemwona. Niliona kwamba hiyo ndiyo heshima. Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa heshima hiyo hiyo, na nimekosea. Mama huyu anaumwa. Mwenye macho na amtazame."

Chini yake muhuri, umenyooka.

Alikuwa ananiona. Miaka tisa nimezitazama ndege za watu, nimezikariri rangi zake, nikidhani nimemdanganya kila mtu.

Na ni barua nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa juu yangu, na mstari wake wa kwanza unaniua. 1989. Kadi ni ya tisini na sita.

Je, nilisahau kumwambia asitaje mwaka? Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilikuwa na maneno ya dada wa madai mdomoni tangu nilipotoka nyumbani. Lakini nilipomwona yule mzee ameinamia karatasi, tope mpaka kwenye magoti ya msuli, anaandika jambo linalomuuma, nilishindwa kumwambia, mzee, ukweli huu upunguze kidogo.

Baba Neema ameisoma akiwa amesimama. Alifika kwenye ndege akaacha, akatazama nje, akarudia mwanzo. Halafu akasema alichokuwa lazima aseme. "Tunafuta mwaka."

Yeye kwa kazi hiyo ni fundi. Makarani wote wa stoo ni mafundi. Unachukua wembe mpya, unakwangua wino kwa pembe yake bila kugusa karatasi ya chini, unalainisha kwa ukucha, unaandika juu yake kwa mkono usiotetemeka. Nane inakuwa tisa, na tisa inakuwa saba. Tarakimu mbili tu, Mama Neema, hata mzee mwenyewe hatajua. Akatoa wembe kwenye karatasi yake, akauweka juu ya meza ndogo karibu na barua, na kalamu ya wino ule ule. Kisha akamchukua Neema wakaenda kwa shangazi yake Temeke, ili mtoto asione. Wameondoka kama saa moja iliyopita. Ameniachia nifanye mwenyewe au nimngoje.

Simlaumu. Ni yeye anayenihesabia pumzi. Mtu aliyeshika bega la mwenzake miaka miwili ili asife hawezi kuhubiriwa juu ya tarakimu mbili.

Na mimi nataka kuishi. Naliandika hivyo hivyo, bila kulifunika kanga. Nataka kuishi, nataka kuinama, nataka kumsuka Neema nywele nikiwa nimekaa chini.

Kwa hiyo nimeuchukua wembe. Nimeweka pembe yake juu ya ile nane. Nimekwangua kidogo sana, umetoka unga wa wino wa kufutwa kwa ukucha. Halafu jicho langu likashuka mstari wa pili: tangu mwaka huo namwona. Nikajaribu kuisoma na mwaka mpya. Tangu 1997 namwona. Haisomeki. Mwaka tisini na saba ndio mwaka niliokonda. Mzee anakuwa ameniona mwaka mmoja tu, tena mwaka ambao mtaa mzima ulikuwa unanisema vibaya, na ile miaka mingine yote ninakuwa nimepanda kutoka bombani na ndoo yangu nikicheka. Anakuwa mwongo tena kwa ajili yangu, safari hii bila kujua, na muhuri wake umo.

Nimeuweka wembe chini. Nimeuchukua tena. Nimeuweka chini.

Nikiifuta, labda naishi. Nisipoifuta, labda nakufa nikiwa na barua nzuri. Mtu wa nje anaweza kusema jibu ni rahisi. Aje akae hapa kitandani basi, kuna nafasi kidogo.

Kuna jambo jingine sijawahi kuliandika hata humu. Nimekuwa nikilizunguka jioni yote.

Ofisi ya bima iko ghorofa ya tatu na lifti yake ni mbovu. Nimekwenda mara tisa. Kila mara hufika saa nzima kabla ya miadi yangu. Napanda ngazi chache, nashika ukuta, napanda chache. Nikifika ghorofa ya pili natandika kanga pale kwenye ngazi, kwenye kona isiyo na watu, nakaa mpaka moyo uache kugonga masikioni. Najifuta jasho kwa kitambaa, najipaka poda, napaka na rangi ya mdomo. Nabadilisha blauzi kama imelowa, huwa nabeba nyingine kwenye mkoba. Ndipo napanda zile ngazi za mwisho moja moja, nagonga mlango, naingia na sauti yangu ya swichibodi. Habari za asubuhi, dada.

Safari ya nne dada wa madai aliniambia, "Lakini mama, mbona mwenyewe unaonekana vizuri tu?"

Na mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikasema asante.

Namlaumu Mzee Kibwana kwa barua moja, na mimi nimewapelekea tisa. Kila nilipoingia mlango ule niliwathibitishia kwamba ni mwenye afya njema kabisa na hakuna ugonjwa wowote unaonisumbua. Nimewaletea karatasi za kliniki, za mizani, za moyo, halafu nikasimama mbele yao nikiwa nimezikanusha zote. Halafu najiuliza kwa nini hawaamini.

Nimeukunja wembe kwenye karatasi yake na nimeurudisha kwenye kikombe cha kunyolea. Ile nane ina mkwaruzo mdogo lakini bado ni nane. Baba Neema akirudi atakasirika, na ana haki. Nitamwambia barua inakwenda kama ilivyo na mwaka wake, na daktari wao kama ana ukurasa wa nne ausome mbele yangu. Nitamwambia pia aombe ruhusa kazini twende wote, ila kwenye ngazi asinishike mkono.

Naogopa. Naogopa ngazi zenyewe, naogopa nitakavyoonekana, naogopa watu watakaokuwa kwenye benchi. Naogopa zaidi watasema hapana, na mkataba utafungwa, na mambo yataendelea vile vile mpaka siku Baba Neema atakaposukuma bega lisijibu.

Lakini kesho sitatandika kanga pale ghorofa ya pili. Mkoba nitauacha nyumbani. Nitapanda mpaka juu kwa mwendo wangu, nitaingia na jasho langu lote nikihema kama ninavyohema, na sitasalimia mpaka pumzi yenyewe irudi. Hata ikichukua dakika kumi, wakae wangoje, na barua waisome huku wananisikia.

Wakinikataa, safari hii watakuwa wamenikataa mimi.